Waliokuja Kutazama Maua

Inobat hakuwaamini wanawake wale wawili tangu walipogonga lango, na cha kwanza kumtia shaka kilikuwa viatu vyao. Mtu anayekuja kutazama bustani mwishoni mwa Novemba, udongo umelowa na majani ya mzabibu yametapakaa kila mahali, havai viatu vya ngozi vilivyong'arishwa. Anavaa mabuti ya mpira, kama aliyovaa yeye mwenyewe, na juu yake koti kuukuu la mume wake.

"Tumesikia sifa za krisanthemu zako, dada," alisema yule mrefu, mwenye uso mkavu na shali ya sufu. "Tukasema tupite tuzione kabla baridi haijazimaliza. Mimi naitwa Karomat, tunakaa ng'ambo ya mfereji. Huyu ni wifi yangu, Zebo."

"Mmezisikia kwa nani?"

Karomat akakohoa kidogo. "Kwa watu."

Watu. Inobat aliwajua watu. Kazi yake ilikuwa kupima maziwa, kugundua ni mfugaji gani ameongeza maji kwenye ndoo, na tangu aanze kazi hiyo hajakutana na mfugaji aliyesema, naam, ni mimi. Isitoshe, majira kama haya mwaka uliopita mwanamke mwingine alikuja hivi hivi, mdomo umejaa sifa. Alikunywa chai, akambusu mashavuni, akaondoka na vipande vya mizizi ndani ya mkono wa koti. Ilipofika Machi, krisanthemu nyeupe ya Inobat ilikuwa inauzwa sokoni, mjini kwao Namangan, ndani ya makopo ya nyanya.

Na nyeupe ile haikuwa ya kugawa. Mama yake alikuja nayo kutoka Kokand alipoolewa, imeviringishwa kwenye kitambaa kilicholowa. Bustani nzima inapokuwa imekufa, mawaridi yamebaki miiba na nyanya zimebaki vijiti, nyeupe ndiyo kwanza inafumbua vichwa vikubwa kama visosi, na inakaa hivyo mpaka theluji iilalie. Majirani walishaomba chipukizi mpaka wakachoka. Mtaani walisema ni rahisi zaidi kumng'oa Inobat jino lake la dhahabu.

Angewafungia lango, lakini jirani wa mbele alikuwa anafagia kipande chake cha barabara, polepole kuliko kawaida, shingo imerefuka.

"Karibuni," alisema. "Angalieni mnapokanyaga."

Akawaacha watangulie ili awaone mikono. Zebo alikuwa mnene, mchangamfu, macho yanazunguka kama ya kuku. Karomat ndiye aliyebeba mkoba. Mkoba wenyewe ulikuwa mkubwa na umevimba, na aliukumbatia kwa mikono miwili kana kwamba mtu angemnyang'anya. Walipita kwenye mtini uliokuwa umefungwa kamba nusu, tayari kulazwa chini na kufukiwa kabla umande haujaanza kuganda. Walipita kwenye krisanthemu za njano, na zile za rangi ya shaba, Zebo akisema "maashallah, maashallah" bila kuziangalia sana. Alikuwa anaangalia kamba ya nguo. Kisha akaangalia dirisha la jikoni. Kisha akainama akaangalia chini ya kitanda cha uani, pale wanapokulia wakati wa joto.

Mtu aliyekuja kutazama maua anatafuta nini chini ya kitanda?

"Kwako kusafi," alisema Karomat. "Nani anafagia?"

"Binti yangu."

"Kila siku?"

"Kwani majani yanapukutika siku moja moja?"

Zebo akacheka. "Na mchana huwa kuna mtu nyumbani, dada? Au nyote mnatoka?"

Hapo Inobat akajua ameshika mkia wa jambo. "Kuna mbwa," alisema.

Hakukuwa na mbwa.

"Basi tungeomba maji ya kunywa," Zebo akasema, anaangalia tena mlango wa jikoni. "Koo limekauka. Kama binti yupo, atuletee tu."

"Bomba lile pale," Inobat akamwonyesha kwa kidevu. Amjaribu mwingine. Aingie ndani kutafuta bilauri, na wao wabaki na nyeupe? Alikuwa mjinga mara moja, na mara moja ilitosha.

Wageni wakatazamana. Kabla hawajasema neno, mlango wa jikoni ukafunguka na Mohira akatokea na birika la chai. Inobat akashangaa. Ilikuwa siku ya kazi tu, na msichana alikuwa amevaa gauni jipya la buluu, nyusi zimepakwa wanja wa majani, nywele zimesukwa. Aliwainamia wageni, mkono kifuani, macho chini, sauti kama ya ndege. Nyumbani hakuwahi kuwa na sauti hiyo.

"Wewe," Inobat akamshika kiwiko na kumrudisha jikoni. "Unakwenda wapi na gauni hilo?"

"Siendi popote, mama."

"Nani amekwambia upike chai?"

"Wageni hawapewi chai?"

"Hawa si wageni. Hawa wamekuja kuniibia."

"Mama!" Mohira akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nakuomba. Kaa nao tu. Wakaribishe, waketi, uongee nao vizuri. Nakuomba."

Inobat angeuliza kwa nini, lakini kupitia dirishani aliona jambo lililomtoa jikoni mbio. Karomat alikuwa amechuchumaa katikati ya krisanthemu nyeupe. Alipofika uani, mwanamke yule alikuwa anasimama, vidole vimejaa udongo, na Zebo alikuwa anaufunga mkoba. Chini palikuwa na jani bichi limekatika.

"Dada Karomat," alisema Inobat, "kabla hamjatoka, naomba nione ndani ya huo mkoba."

Ufagio wa jirani, nje ya lango, ukanyamaza.

"Unasemaje?" aliuliza Karomat.

"Mkoba. Niufungulie. Kama hamna kitu changu, nitaomba radhi."

Karomat hakubishana. Aliuchukua mkoba kwa wifi yake, akauweka juu ya kitanda cha uani na kuufungua taratibu. Akatoa kitambaa cheupe kilichotariziwa pembeni, akakikunjua. Ndani yake mlikuwa na mikate miwili ya tanuri, ya mviringo, bado ina joto, na juu yake peremende nyeupe zimefungwa kwa karatasi.

Mikate miwili ndani ya kitambaa cheupe. Hakuna mwanamke Namangan asiyejua maana yake. Hawakuwa wezi. Walikuwa washenga. Wangeketi, wangesifu maua mpaka yaishe, kisha mmoja angekohoa na kusema wana kijana nyumbani. Wangeiacha mikate mezani, na baadaye, wazazi wakiridhia, mikate ingevunjwa.

Inobat alinyoosha mkono kuizuia mikate.

Karomat alikunja ncha za kitambaa moja baada ya nyingine. "Mikate yetu tunarudi nayo," alisema, na kwa Zebo: "Twende. Hapa kuna mbwa."

Walipokwisha kutoka, Inobat alikwenda kwenye nyeupe. Hapakuwa na kichwa hata kimoja kilichokosekana. Shina moja lililolala tangu mvua ya juzi lilikuwa limesimamishwa, limeegemezwa kijiti, na udongo umeshindiliwa kwa vidole.

Mohira hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, birika bado liko mkononi.

"Yule ni mama yake Sarvar," alisema. "Sarvar nilisoma naye chuoni, siku hizi anakuza miche. Amembembeleza mama yake tangu kiangazi. Mama yake hakutaka, kwa sababu shangazi yao mmoja ameshamchagulia msichana mwingine. Leo ndipo amekubali kuja kuona. Leo, mama."

"Na wewe ulijua wanakuja."

"Nilijua."

"Usiniambie?"

"Ningekwambiaje? Ungeniuliza nimejuaje."

Inobat angeuliza, kweli. Angeuliza mpaka jioni.

Tolib, mume wake, alipopata habari aliporudi kutoka kazini, aliweka kofia yake juu ya goti.

"Umemkagua mshenga," alisema, "kama askari wa forodha."

"Baba Mohira, usinichekeshe."

"Sichekeshi. Nauliza tu kama ulimpekua na soksi."

"Alikuwa amechuchumaa kwenye maua!"

"Nyanya yangu alipokuja kukuposa alichuchumaa kwenye vitunguu vya mama yako. Wanaangalia kama kuna magugu. Kwani wewe hujui?"

Alijua. Ndiyo maana alipolala hakupata usingizi. Msichana wa yule shangazi alikuwa ng'ambo ya mfereji, amekaa tayari. Karomat akikataa kurudi, Sarvar hatabishana na ukoo mzima, na mtaa utasema Mohira alikataliwa langoni. Binti hakuwa amefanya kosa lolote. Mama yake ndiye aliyemharibia.

Na kwenda kuomba radhi hakuwezekani. Upande wa msichana hauendi kwenye nyumba ya mvulana kabla mikate haijavunjwa. Ukienda, umeitembeza bidhaa yako mwenyewe. Ila kama una shughuli nyingine kabisa. Kila mtu ng'ambo ya mfereji alijua kwamba kwa Karomat kulikuwa na handaki la milimau, refu, limechimbwa chini ya usawa wa uani na kuezekwa nailoni, na lilikuwa linasifiwa.

Asubuhi Inobat alivaa koti lake zuri. Akalivua. Akavaa lile la kazi na mabuti, maana safari hii yeye ndiye alikuwa na la kuficha, na hakutaka viatu vimsemee.

Ng'ambo ya mfereji kila mwanamke aliyekuwa na ufagio aliacha kufagia alipopita. Lango la Karomat lilikuwa wazi. Yeye na Zebo walikuwa wanahangaika na mtini wao, mkubwa kuliko wa Inobat, matawi yanagoma kulala kwenye shimo.

"Nimekuja kuona milimau," alisema Inobat langoni.

Karomat hakugeuka. "Milimau yetu haijaiba kitu."

"Nimesikia sifa zake."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

Zebo akapasuka kicheko, akakifunika kwa mkono. Karomat hakucheka. "Basi ingia. Kagua. Utaanzia wapi, jikoni? Au nikutolee sanduku la nguo?"

Inobat alimeza. Alistahili, na alikuwa amejiambia njiani kwamba atameza yote atakayopewa. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mtini, na mdomo wake ukamtoroka.

"Hilo tawi usilivute hivyo, litapasuka kwenye kiungo."

"Nalo ni la kwako?"

"La kwako. Ndiyo maana nasema. Mwaka huu yamenyonya maji mengi, yamekuwa magumu. Yafunge mawili mawili kwanza, uyakalie."

"Niyakalie?"

"Zebo ayakalie."

"Mimi!" alisema Zebo, lakini alikuwa ameshakunja gauni.

Wakafunga. Zebo akakalia matawi, anaapa kwamba yanamchoma mahali asipoweza kupataja, na Inobat akaingia shimoni na kuyapigia kigingi. Karomat alifanya kazi, lakini kila Inobat aliponyoosha mkono kuchukua kitu, koleo au kamba, macho ya yule mwanamke yaliufuata mkono. Inobat aliyahisi. Alijua kufuatwa hivyo kunatoka wapi, maana yeye mwenyewe ndivyo alivyofanya jana. Walitandika mabua ya mahindi, wakafukia udongo, wakaupigapiga mpaka mtini ukawa tuta tu kama kaburi la ng'ombe.

"Haya," alisema Zebo, anafuta jasho. "Sasa mwonyeshe hiyo milimau aliyoijia."

"Hakuna cha kuona," Karomat akajibu upesi. "Haijaiva."

Upesi mno. Kila mshipa wa Inobat ukasimama. Limau huiva Novemba, na hata kupitia nailoni iliyotokwa jasho aliona vidoa vya njano. Kuna nini chini huko?

"Amekuja njia yote!" Zebo akasema. "Shuka naye. Mimi naweka maji ya chai."

Karomat akamtazama wifi yake, kisha Inobat, kisha akashika njia. Waliteremka ngazi za udongo, mlango mdogo ukafunguliwa, na joto lenye harufu ya majani ya limau likawapiga usoni. Milimau ilikuwa imesimama mistari miwili, imelemewa. Inobat aliisifu, na hakudanganya. Alisifu mwanga, akasifu matone ya umwagiliaji yaliyotengenezwa kwa chupa kuukuu. Alikuwa anaendelea kusifu alipoiona.

Mwishoni kabisa, nyuma ya pipa la maji, palikuwa na chungu. Ndani ya chungu, krisanthemu nyeupe, kichwa kimoja, kikubwa kama kisosi.

Yake. Angeijua gizani.

Damu ilimpanda. Kwa hiyo hawa ndio waliokuwa wananunua kwa yule mwizi! Akasogea, mkono umeshatangulia, na ndipo akaona kilichofunga shina kwenye kijiti. Kilikuwa kipande cha hariri, atlasi ya kijani yenye michirizi ya njano. Atlasi ile alikuwa ameinunua mwenyewe, akaishona gauni mwenyewe, na kwenye ukingo wa kile kipande ilikuwa bado imebaki mishono yake, midogo, iliyobanana. Hakuna mwingine aliyeshona hivyo. Gauni hilo lilikuwa la Mohira, kwa sikukuu ya Navruzi.

Mkono wake ukabaki hewani.

"Sarvar alisema ameinunua sokoni," alisema Karomat nyuma yake, kwa sauti ya chini. "Unaijua?"

Akisema ni yake, basi ama kijana ni mwizi, ama msichana ametoa. Na msichana anayempelekea mwanamume vitu kabla washenga hawajaingia kwao, tena amevifunga kwa nguo yake, huyo habari zake zinafika sokoni kabla hajafika yeye. Juu yao, Zebo alikuwa anaimba huku akipanga vibakuli. Zebo angeupeleka mkasa huu hadi kwa yule shangazi mwenye msichana kabla chai haijapoa.

"Sokoni ziko nyingi," alisema Inobat. "Ndani ya makopo ya nyanya."

"Na kitambaa hiki?"

"Wauzaji hufungia chochote wanachookota."

"Atlasi?"

"Hata atlasi."

Karomat alimkazia macho. Inobat hakuyakwepa, ingawa shingo ilimwasha. Basi hivi ndivyo wanavyojisikia, aliwaza, wale wanaosimama mbele yangu na ndoo zao na kusema ni maziwa matupu.

"Jana ulinifungulisha mkoba kwa jani moja," alisema Karomat. "Leo ua zima limekaa mbele ya pua yako, na huna neno?"

"Jana nilikuwa mjinga."

"Leo je?"

"Leo nina binti."

Karomat alijipenyeza nyuma ya pipa, akainama, akachukua ncha ya kile kitambaa iliyokuwa inaning'inia na kuisukumia nyuma ya kijiti, ndani kabisa, ambapo jicho la mtu anayesimama mlangoni halifiki. Kisha akapangusa vidole kwenye shali.

"Wifi yangu ana macho," alisema. "Njoo tukanywe chai."

Zebo alikuwa ametandika kitambaa juu ya kitanda cha uani, chini ya jua jembamba. Karomat alichukua birika mwenyewe. Inobat alikitazama kibakuli kama alivyozoea kutazama mirija ya kupimia maziwa. Kwao, mgeni anayetakiwa aende zake hujaziwa mpaka ukingoni. Anayetakiwa abaki hupewa kidogo, ili ainywe upesi na birika lirudi kwake tena na tena.

Chai ilianguka, ikafunika kitako cha kibakuli, ikakoma. Inobat akasubiri iongezwe. Haikuongezwa.

Akanywa, akarudisha. Karomat akamimina tena, kidogo vilevile.

"Alhamisi," alisema Karomat, anaangalia tuta la mtini, "huenda tukapita tena mtaani kwenu."

"Kufanya nini tena?" Zebo akauliza, masikio yamesimama.

"Kutazama maua. Jana hatukuyaona vizuri."

"Mpite," alisema Inobat. "Lakini mje mapema, maana saa nyingine huwa natoka."

Alitembea kurudi nyumbani bila haraka, akiwasalimu wote wenye mafagio, mmoja mmoja, kwa jina. Mohira alikuwa langoni, hajavaa hata shali.

"Mama? Ulikwenda wapi? Imekuwaje?"

Inobat aliingia, akafunga lango na komeo, akaketi kwenye kizingiti na kuvua buti moja. Alilikung'uta udongo. Akavua la pili.

"Gauni lako la atlasi ya kijani liko wapi?"

Rangi ikamtoka msichana usoni. "Lilichanika, mama. Pindoni. Liko kabatini."

"Alhamisi wanarudi wale wageni," alisema Inobat. "Kalichukue hilo gauni ulitie kwenye tanuri, liungue lote. Sasa hivi, kabla baba yako hajarudi. Na usiniambie kitu."